Toleo la 54 au la 60? Mzozo wa Kuzaliwa kwa Teen Titans

Mwaka 1964, kwa senti 12 za Marekani, mtoto aliweza kuondoka kwenye kibanda cha magazeti akiwa na toleo namba 54 la The Brave and the Bold, jarida la vibonzo la kampuni ya DC. Ndani yake mlikuwa na vijana watatu aliokwisha kuwazoea. Robin alikuwa msaidizi wa Batman tangu 1940. Kid Flash na Aqualad walikuwa wageni kidogo: wa kwanza alianza kukimbia nyuma ya Flash mwishoni mwa 1959, wa pili akaibuka baharini pamoja na Aquaman mwanzoni mwa 1960. Kwa kawaida kila mmoja alifuata nyayo za mkubwa wake. Safari hii wakubwa hawakuwapo. Vijana wakapambana na mwovu, wakamshinda, kisa kikaisha. Hakuna ukurasa hata mmoja uliowaita wote watatu kwa jina moja.

Leo toleo hilo linauzwa kwa sifa moja kubwa, kwamba ndimo Teen Titans walimotokea kwa mara ya kwanza. Wapo wakusanyaji wanaolikubali hilo bila kusita. Wapo wanaokataa katakata na kulinyooshea kidole toleo namba 60, lililotoka mwaka mmoja baadaye. Na wapo wengine, wengi wao wadogo kwa umri, wanaoushangaa mzozo wenyewe, kwa sababu Titans wanaowajua wao kutoka kwenye televisheni karibu wote hawamo katika toleo lolote kati ya hayo mawili.

Mtu hawezi kuuelewa mzozo huu bila kulijua jarida lenyewe. The Brave and the Bold lilianza mwaka 1955 na halikuhusika na mashujaa wa kuruka angani. Lilikuwa na visa vya kale: gladieta wa Kirumi, mwana wa mfalme wa Viking, askari wa farasi wa Kiingereza asiyefungua mdomo. Mwaka 1959, kuanzia toleo la 25, DC ililigeuza kuwa uwanja wa majaribio. Wazo jipya lilipewa nafasi humo, na likiuza vizuri lilifunguliwa jarida lake. Justice League of America walianzia huko, katika toleo la 28 la Februari na Machi 1960, nao walitangazwa waziwazi, kwa jina na kwa idadi, tangu jaladani. Kisha, mwishoni mwa 1963, toleo la 50 likaleta utaratibu mwingine: kila mara chukua mashujaa ambao kila mmoja ana visa vyake, uwatie katika kisa kimoja, uone kitakachotokea. Green Arrow alipewa Martian Manhunter. Katika toleo la 53 Atom aliambatanishwa na Flash, na katika la 55 Atom huyohuyo akapelekwa kwa Metal Men. Toleo la 54 limekaa katikati ya foleni hiyo. Mhariri wa wakati ule akiulizwa kama ameanzisha kikosi, angekuwa na haki ya kujibu kwamba amejaza nafasi ya Juni na Julai.

(Juni na Julai ni miezi iliyochapwa jaladani. Kwa desturi ya biashara ile, jarida lilifika vibandani wiki kadhaa kabla, maana tarehe ya jaladani ilimwonyesha muuzaji lini aliondoe wala si lini alipokee. Mabishano mengi ya nani alitangulia nani yameharibika kwa sababu mtu alisahau jambo hili dogo.)

Mwandishi alikuwa Bob Haney, na mchoraji Bruno Premiani, mzaliwa wa Trieste aliyeishi miaka mingi Argentina. Kisa chao kinatokea katika mji mdogo uitwao Hatton Corners. Vijana wa mji huo wamegombana na wazee wao kuhusu jengo la klabu yao, na kwa kuwa hawasikilizwi, wanawaita mashujaa wa rika lao waje kuwasuluhisha. Robin, Kid Flash na Aqualad wanafika na kukuta vijana wote wametoweka. Wazee wanadhani watoto wao wametoroka kwa hasira. Kumbe wamechukuliwa na mtu aitwaye Bromwell Stikk, ambaye amejipa jina la Mister Twister na anatembea na fimbo ya kuamrisha upepo na dhoruba. Madai yake ni ya kisheria, na hapo ndipo Haney alipoonyesha ufundi. Babu yake Stikk, katika enzi za ukoloni, aliwaachia wenyeji ardhi ya mji kwa kodi ya unyoya mmoja wa njiwa wa porini kila mwaka. Wasipolipa, vijana wa mji watamtumikia yeye au mrithi wake. Njiwa huyo ni wa aina iliyojaa Amerika ya Kaskazini kwa makundi makubwa mno, kisha ikawindwa hadi ikaisha. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Deni likawa halilipiki tena, na wanaodaiwa ni watoto kwa makosa ya mababu.

Nimekaa kidogo kwenye kisa hiki kwa makusudi. Wabishani wengi wanazungumza juu ya nani yumo na jina lipi limeandikwa, na ni nadra kusikia mtu akieleza kilichotokea humo ndani.

Mwaka mmoja baadaye, katika toleo namba 60 la Juni na Julai 1965, Haney na Premiani waliwarudisha vijana wale. Adui wao safari hii alikuwa jitu ambalo viungo vyake vinaachana na kutembea kila kimoja kivyake. Lakini wakusanyaji hawalipi kwa ajili ya jitu hilo. Wanalipia mambo mawili: humo ndimo jina Teen Titans lilipochapwa kwa mara ya kwanza, na humo ndimo msichana anayeitwa Wonder Girl alipoketi pamoja na wavulana watatu. Hakuna anayesimulia lini walikubaliana kuwa kikosi wala nani alimkaribisha msichana. Msomaji anakuta mambo yamekwisha kupangwa. Mwishoni mwa mwaka huo wakatokea tena katika Showcase namba 59, safari hii wakichorwa na Nick Cardy, na jarida lao wenyewe, Teen Titans namba 1, likabeba tarehe ya Januari na Februari 1966.

Wonder Girl anastahili maelezo marefu zaidi, maana yeye ndiye anayelipa toleo la 60 nguvu zake zote, na kuwapo kwake ni matokeo ya kutoelewana. Mwandishi Robert Kanigher, aliyekuwa akitunga visa vya Wonder Woman, alianza mwaka 1959 kusimulia ujana wa shujaa huyo. Wonder Girl alikuwa Wonder Woman huyohuyo, ila alipokuwa msichana. Baadaye Kanigher akaongeza na utoto wake, akamwita Wonder Tot. Mwaka 1961, katika Wonder Woman namba 124, akafanya jambo la kuchekesha: akawaweka wote watatu katika kisa kimoja, mtoto, msichana na mwanamke, na kueleza kwamba malkia mama yao ameunganisha vipande vya filamu alizompiga binti yake katika umri tofauti. Kisa kiliitwa waziwazi kisichowezekana. Kilipendwa, kikafuatwa na vingine vya aina hiyo, na kadiri muda ulivyopita maelezo ya filamu yalififia hadi ikaonekana kama kwamba kweli kuna dada watatu.

Haney hakuwa mtu wa kujisumbua na kumbukumbu za majarida ya wenzake, na hilo linajulikana na kila aliyesoma kazi zake. Alihitaji msichana, akamkuta Wonder Girl kwenye majalada, akamchukua. Kwa kufanya hivyo alimweka Wonder Woman msichana katika chumba kimoja na Robin, wakati Wonder Woman mtu mzima yuko hai mtaa wa pili. Miaka minne ilipita bila mtu kusahihisha. Ndipo mwandishi kijana, Marv Wolfman, katika Teen Titans namba 22 ya mwaka 1969, alipotunga asili mpya: Wonder Girl ni yatima aliyeokolewa na Wonder Woman katika nyumba inayowaka moto, akalelewa na Waamazoni, na jina lake ni Donna Troy. Kwa hiyo toleo la 60 lina mtu mpya kabisa ambaye waliomtoa hawakujua kwamba ni mpya. Wakusanyaji wa leo wanalihesabu kuwa mwanzo wa Donna Troy, na sioni namna ya kuwapinga, ingawa mwaka 1965 Donna Troy hakuwapo kichwani mwa mtu yeyote.

Sasa tuje kwa wakusanyaji wenyewe. Desturi ya kuhesabu nani alitokea lini ilianza kwa mapenzi, fedha zilifuata baadaye. Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, alianzisha jarida dogo la mashabiki, Alter Ego, mwezi Machi 1961. Mapenzi yake makubwa yalikuwa Justice Society of America, kikosi cha utotoni mwake, na yeye na wenzake walianza kuorodhesha kwa subira: toleo gani, mwezi gani, nani aliandika, nani alichora. Kikosi chake kiliwarahisishia kazi. Katika All Star Comics namba 3, ya majira ya baridi ya 1940, mashujaa wanaketi kuzunguka meza, jina la chama liko wazi, na kila mmoja anasimulia kisa chake. Watu, jina na mkutano vyote vimo katika toleo moja, kwa hiyo hakuna anayegombania.

Mwaka 1970 Robert Overstreet wa Tennessee alitoa mwongozo wake wa bei, na kuanzia hapo maelezo mafupi ya pembeni yakawa na thamani ya dola. Ukiandika mbele ya namba fulani kwamba humo fulani anatokea kwa mara ya kwanza, bei inapanda. Mwongozo huo umeliweka toleo la 54 kuwa mwanzo na asili ya Teen Titans, na la 60 kuwa la pili kwao na la kwanza kwa Wonder Girl mpya. Halafu, mwaka 2000, ikaanza kazi kampuni ya CGC. Unawapelekea jarida lako, wanahesabu kurasa, wanachunguza mikunjo na pini, wanalipa daraja kati ya 0.5 na 10, kisha wanalifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Lebo ina mistari michache tu, na haina nafasi ya kuandika neno “lakini”. Huo ndio wakati mzozo huu ulipoacha kuwa soga za mashabiki. Katika soko ambalo nakala moja ya Action Comics namba 1, toleo la kwanza la Superman, iliuzwa dola 6,000,000 mwaka 2024, mstari mmoja wa lebo si jambo dogo.

Wanaoshika toleo la 54 wana hoja yenye nguvu: mtoto huzaliwa kwanza, jina hufuata. Ni mwandishi yuleyule, mchoraji yuleyule, jarida lilelile, na vijana walewale watatu. Wanaoshika la 60 wanajibu kwamba kikosi si mtoto. Watu watatu waliosaidiana siku moja barabarani na kila mmoja akaenda zake hawajawa kikosi, la sivyo kila toleo la foleni ile lilizaa kikosi, na Atom pamoja na Flash nao wangedai chao.

Jibu hilo lingewashinda wenzao kama soko lingekuwa na sheria moja. Halina. Mtazame Wolverine. Katika picha ya mwisho kabisa ya The Incredible Hulk namba 180, ya Oktoba 1974, anaruka na kutoa vitisho, kisha kisa kinakatika. Katika namba 181, Novemba, anapigana toleo zima. Aliyetokea mwanzo ametokea 180, hilo halina ubishi, lakini soko limeamua kwamba picha moja haitoshi na fedha zote zimekwenda kwa 181. Mtazame tena Guardians of the Galaxy. Jina hilo lilitokea katika Marvel Super-Heroes namba 18, Januari 1969, likiwa la kikosi cha miaka elfu moja mbele, cha Vance Astro, Charlie-27, Martinex na Yondu. Kikosi kilichojaza majumba ya sinema mwaka 2014, cha Star-Lord, Gamora, Drax, Rocket na Groot, kilikusanywa na waandishi Dan Abnett na Andy Lanning mwaka 2008. Hata hivyo toleo la 1969 lilipanda bei kwa sababu ya filamu. Suicide Squad wana hali hiyohiyo: jina la 1959, kutoka The Brave and the Bold hilihili, na kikosi cha wafungwa wa John Ostrander kilichoanza katika Legends mwaka 1987.

Kwa Guardians, basi, jina linatosha hata kama watu ni wengine. Kwa Titans, watu wanatosha hata kama jina halipo. Kwa Wolverine, mtu mwenyewe hatoshi mpaka akae muda mrefu. Anayetafuta kanuni hapa ataumwa kichwa. Mauzo hufuata kile ambacho wanunuzi wengi wamekubaliana kukitamani, na wakishakubaliana, mwongozo wa bei unaandika, na kilichoandikwa kinawavuta wanunuzi wapya.

DC yenyewe iliongeza utata. Mwezi Februari 1978, jarida la Teen Titans lilipofungwa na toleo la 53, mwandishi Bob Rozakis aliaga kwa kusimulia mwanzo wa kikosi. Katika simulizi yake waanzilishi ni vijana watano, pamoja na Wonder Girl na Speedy, mpiga mishale wa Green Arrow, ambao wanalazimika kuwakabili wakubwa wao waliotawaliwa akili na adui. Speedy hayumo katika toleo la 54 wala la 60. Kwa mujibu wa historia ya ndani ya visa, basi, kikosi kilianzishwa katika tukio ambalo msomaji alilisoma miaka 14 baada ya Hatton Corners. Hakuna mkusanyaji anayelipia toleo hilo la 53 kama mwanzo, na ni sawa, ila wanaopenda kusema kwamba kisa chenyewe ndicho shahidi wanapaswa kulikumbuka.

Ilipofika 1980 Marv Wolfman, yuleyule aliyempa Donna Troy jina, alikifufua kikosi akiwa na mchoraji George Pérez. DC ilikitangaza kwa njia ya ukarimu: katika DC Comics Presents namba 26, ya Oktoba 1980, ambayo kisa chake kikuu ni Superman na Green Lantern, waliingiza nyongeza ya kurasa 16 bila kudai senti ya ziada. Humo Starfire, Cyborg na Raven walionekana kwa mara ya kwanza. The New Teen Titans namba 1 ilifuata ikiwa na tarehe ya Novemba, na ikawa miongoni mwa majarida ya DC yaliyouzwa zaidi katika muongo ule. Robin, Starfire, Raven, Cyborg na Beast Boy, watano wa katuni ya televisheni ya 2003 na ya Teen Titans Go! iliyoanza 2013, wametoka katika kikosi hiki. Ukimwacha Robin, Beast Boy pekee ana historia ndefu, tangu Doom Patrol namba 99 ya mwaka 1965.

Na hapo pia kuna mgogoro. Katika zile kurasa 16 Robin yuko kwenye maabara, na ghafla anajikuta pamoja na wenzake, baadhi yao asiowajua, kisha anarudi maabara, kisha anakwenda tena. Anaonyeshwa yajayo. Kikosi hakijaundwa. Wapo wanaosema kwamba kutokea ndani ya njozi si kutokea, na kwamba mwanzo wa kweli ni namba 1. Hawa siwaungi mkono. Pérez aliwachora kwa ukamilifu, mavazi na nyuso na nguvu zao, na msomaji wa 1980 aliwafahamu humo mwezi mmoja kabla. Wolverine wa namba 180 hakupata hata ukurasa mmoja mzima.

Kuhusu mzozo mkubwa, mimi niko na toleo la 54, ila si kwa hoja ya mtoto na jina. Niko nalo kwa sababu ya Hatton Corners. Vijana wanawaita vijana wenzao, mashujaa wanasimama kati ya rika lao na wazee wasiosikiliza, na hakuna Batman wa kuja kumaliza kazi. Teen Titans wa Haney waliendelea kuishi kwa wazo hilo. Hata jarida lao la kwanza, la 1966, linawatuma kuwasaidia vijana wa Peace Corps. Toleo la 60 lilileta jina na Donna Troy, na kwa hayo mawili linastahili bei yake, lakini wazo lilikwisha kuwapo. Bahati mbaya ushahidi huu uko ndani ya kurasa, na nakala iliyofungiwa kwenye plastiki haifunguliwi bila kupoteza daraja lake.

Kwa hiyo ukifikiria kununua, soma kwanza. Visa vyote viwili, pamoja na Showcase 59 na matoleo ya mwanzo ya jarida lao, vimo katika juzuu ya kwanza ya Showcase Presents: Teen Titans, iliyochapwa 2006 bila rangi na kwa bei ya kawaida. Ukishavisoma amua mwenyewe. Na ukielekea kwenye DC Comics Presents namba 26 isiyofungiwa, hesabu kurasa za nyongeza kabla hujatoa fedha: ni 16.